Chokoleti ya Mtukufu na Mtaro wa Kitopeni

Wenye wivu husema kwamba Serikali ya Unono haijawahi kuwapa watu wake chochote. Ni uongo, na waliousema wamehojiwa. Kila mwaka, masika yakikaribia, Serikali ya Unono huwapa watu wake chokoleti. Huitoa bure, kwa kila kaya, siku ya Sikukuu ya Utamu, na chokoleti yenyewe imechongwa kwa umbo la dole gumba la Mtukufu Rais, dole lilelile alilotia kwenye hati ya uhuru baada ya kalamu ya mkoloni kuishiwa wino.

Dole kama hilo haliwezi kukabidhiwa raia likiwa uchi. Kwanza linavishwa karatasi ya dhahabu. Kisha linalazwa kwenye kitanda cha plastiki, kitanda kinatandikwa sponji, na vyote vinaingia kwenye kisanduku chenye dirisha. Kisanduku kinatiwa katika mfuko wa mahameli ya bandia, mfuko unaingia sanduku kubwa lenye picha ya Mtukufu akitabasamu, na sanduku linazungushiwa nailoni ili tabasamu lisipate vumbi. Sanduku hubebwa kwa mikono miwili. Chokoleti yenyewe mtoto mdogo huimaliza kabla mama yake hajamwambia apunguze pupa.

Kiwanda kinachotengeneza masanduku hayo ni mali ya mke wa Waziri wa Furaha za Msimu, Mheshimiwa Mapambo. Jambo hilo halina uhusiano wowote na habari hii. Waziri mwenyewe amelikanusha mara nyingi, mara nyingine kabla hajaulizwa.

Siwema Kalumbeta alikuwa mkunga wa zahanati ya Kitopeni. Kitopeni ndio mtaa wa chini kabisa katika mji mkuu wa Unono, na maji yote ya mji hupita hapo yakielekea mtoni. Njia yao ni moja, mtaro wa zege uliojengwa na wakoloni, ambao Serikali imeulinda kwa uaminifu kwa kutougusa. Sikukuu ikishapita, mvua ya kwanza huyakusanya masanduku ya mji mzima na kuyashusha mtaroni. Mtaro huziba, maji hutafuta pa kwenda, na mlango ulio karibu zaidi ni wa wodi ya wazazi. Gari la taka lipo. Lakini gari hilo ni la Mlimani, wanakoishi viongozi, na dereva wake haruhusiwi kushuka Kitopeni kwa sababu za kiafya, maana Kitopeni kuna taka.

Mwaka ule maji yaliingia wodini asubuhi, wakati Siwema akimzalisha mwanamke wa pili. Alimaliza kazi akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini, akampandisha mtoto juu ya kabati la dawa, kisha akampandisha na mama yake juu ya meza. Maji yalipokwisha kupungua alibaki yeye na Mashavu, binti aliyekuwa akifanya usafi pale zahanati, wakitoa tope kwa ndoo.

Mashavu alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi. Siku hiyo hakuimba. Aliokota kitu cheupe kwenye tope, akakikamua, akakigeuza geuza.

"Dada Siwema, hii ni nini?"

"Sponji. Ndiyo wanayolazia chokoleti."

Mashavu aliibonyeza tena ile sponji. "Kwa hiyo chokoleti ina godoro," alisema, "na wazazi wetu wanalala kwenye mikeka."

 Maneno yale yalimkaa Siwema kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake alivaa kitenge chake cha heshima, akapanda Mlimani kwa miguu, akaomba kumwona Waziri. Zamu yake ilifika baada ya miezi minne.

*

Mheshimiwa Mapambo alikuwa mtu msikivu sana. Alimsikiliza Siwema kutoka mwanzo hadi mwisho huku akitikisa kichwa kwa huzuni kila alipopumua. Siwema alipomaliza, Waziri alipangusa macho, ambayo yalikuwa makavu.

"Mama, umenigusa," alisema. "Nimeunda kamati."

"Lini, Mheshimiwa?"

"Sasa hivi, ulipokuwa ukikohoa. Itaitwa Kamati ya Taifa ya Kupunguza Vifungashio vya Utamu. Na wewe ni mjumbe. Utawawakilisha akina mama, wagonjwa na mvua."

Siwema aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kuacha tu kutumia masanduku. Waziri alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Kuacha ni rahisi mno," alisema. "Serikali haiwezi kufanya mambo rahisi. Watu watauliza tulikuwa wapi siku zote."

Siwema alirudi Kitopeni akiwa na nusu ya matumaini. Hakuwa mjinga, alizijua serikali. Ila mtu anayezoa tope wodini kila mwaka hawezi kuchagua sana mahali pa kuweka matumaini yake. Mashavu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kutapika asubuhi na kuwaficha watu sababu, alimngoja mlangoni.

"Watapunguza?"

"Wamesema watapunguza."

"Basi wangu atazaliwa pakavu," Mashavu alisema, na hivyo ndivyo Siwema alivyojua.

*

Kamati ilikutana wakati wa mvua za vuli, katika hoteli moja ya kando ya ziwa, mbali na mji mkuu, kwa sababu mji mkuu ulikuwa na mafuriko. Kila mjumbe alipokelewa kwa begi la plastiki lenye maandishi TUPUNGUZE PLASTIKI, na ndani yake mlikuwa na begi lingine, la akiba, endapo la kwanza lingechakaa. Katibu wa Kamati aliitwa Bwana Kipepe, kijana mwembamba mwenye sauti laini, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumtaja Mtukufu.

Wataalamu walizungumza kwanza. Mmoja, aliyesomea nje, alieleza kwamba kisayansi hakuna kitu kinachoitwa taka. Kuna sanduku, na kuna raia anayelitupa. Mpaka raia alitupe, sanduku ni mali. Kwa hiyo chanzo cha taka si kiwanda bali ni mkono wa raia, na kinachotakiwa kupunguzwa ni mikono. Alipigiwa makofi. Mwingine alipendekeza masanduku yabadilishwe jina yaitwe kumbukumbu, maana hakuna mtu anayelalamika kwamba mtaro umezibwa na kumbukumbu.

Siwema alipopewa nafasi alisimama. Hakuwa na maneno mengi.

"Chokoleti ifungwe kwenye karatasi," alisema. "Karatasi moja. Mtu anakula, karatasi inaoza, maji yanapita."

 Bwana Kipepe alivua miwani.

"Bi Siwema, unasema dole la Mtukufu lifungwe kwenye karatasi. Kama karanga."

"Karanga zimewahi kuingia wodi ya nani?"

Bwana Kipepe aliandika kwenye kumbukumbu za kikao: Mjumbe alichangia kuhusu karanga.

Maazimio yalisomwa siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana. Vifungashio vya chokoleti ya Sikukuu, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa saba, vitapunguzwa mpaka kimoja. Wajumbe waliinuka wakashangilia. Siwema naye aliinuka, na kwa dakika hiyo alijilaumu kwa jinsi alivyokuwa amewadhania vibaya. Kisha Bwana Kipepe akaendelea kusoma. Ili kufanikisha azma hiyo, vifungashio vyote saba vitawekwa ndani ya sanduku moja kubwa la plastiki ngumu.

Siwema alibaki amesimama wakati wengine wakikaa.

"Hivyo si vimekuwa vinane?"

"Kwa nje ni kimoja," alisema Bwana Kipepe kwa upole.

"Na ndani?"

"Ndani ni faragha ya raia. Serikali ya Mtukufu haichungulii."

Aya ya mwisho ilieleza kwamba kwa kuwa sanduku jipya lina kuta nene, nafasi ya ndani imebana, na hivyo chokoleti nayo itapunguzwa. Haitakuwa tena dole zima. Itakuwa ukucha.

"Mimi sikubaliani," Siwema alisema. "Andika hivyo. Andika kwamba mkunga wa Kitopeni amekataa."

"Haiwezekani, Bi Siwema. Umekula chakula cha mchana. Kanuni inasema mjumbe aliyekula ameridhia."

*

Wiki chache baadaye mabango yalipandishwa mji mzima. Kubwa kuliko yote liliwekwa kwenye kona ya kuingilia Kitopeni. Lilikuwa na picha ya Siwema, iliyopigwa wakati ule aliposimama kushangilia, mdomo wazi, mikono juu. Chini yake paliandikwa: MKUNGA WETU ASEMA, KIMOJA KINATOSHA.

Watu wa Kitopeni walipita chini ya bango lile wakienda sokoni na wakirudi. Wengine waliacha kumsalimia. Akina mama waliokuja kliniki walimpa watoto awapime bila kumtazama usoni. Muuza mkaa, ambaye chumba chake maji yalikuwa yamekibeba na vilivyomo, alitema mate alipomwona, ingawa kwa adabu alitema upande wa pili.

Mashavu ndiye aliyemuuliza. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa na alikuwa amekalia benchi la nje, miguu imevimba.

"Dada, ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema karatasi."

Mashavu aliinua macho kulitazama lile bango. "Basi na wewe wamekufungia sandukuni," alisema. Halafu akamshika mkono, akamsogeza akae karibu naye.

Siwema alikwenda Mlimani mara tatu kudai picha yake iondolewe. Mara ya kwanza aliambiwa Waziri yuko safarini akipokea tuzo ya mazingira. Mara ya pili aliambiwa tuzo imekuwa nzito na Waziri anapumzika. Mara ya tatu askari wa getini, mtu mzima mwenye huruma, alimwambia arudi nyumbani kwa sababu walikuwa wameanza kuuliza anaishi na nani.

*

Sikukuu ya Utamu ilifana. Malori yalipita mtaa kwa mtaa yakipiga muziki, na kila kaya ilipokea sanduku ambalo halikuingia mlangoni ila kwa kulilaza ubavu. Kulifungua kulihitaji kisu na mwanamume. Watoto walikesha wakingoja zamu yao, wakafika kwenye ukucha, wakaulamba, wakauliza iliyobaki iko wapi. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Unono imekuwa nchi ya kwanza duniani kupunguza vifungashio kutoka saba hadi kimoja, na kwamba wataalamu wa nchi nyingine wameomba kuja kujifunza.

Mvua ilianza mchana, siku mbili baada ya hapo, na uchungu wa Mashavu ulianza nayo.

Mtoto alitoka salama, wa kike, akilia kwa nguvu. Mashavu alimwangalia, akacheka. Kisha damu ikaanza kumtoka, na haikukatika. Siwema alifanya yote ambayo mkunga anaweza kufanya kwa mikono yake na kwa dawa alizonazo. Iliyokuwa ikitakiwa sasa ni hospitali kubwa iliyo juu, yenye damu na daktari wa kupasua. Alipiga simu, na gari la wagonjwa lilikuja upesi. Lilikuja mpaka ng'ambo ya mtaro, likasimama hapo.

Kwenye kalavati, mahali mtaro unapopita chini ya barabara, masanduku mapya yalikuwa yamebanana kama matofali. Yale ya zamani yalikuwa angalau yakilainika. Haya hayakulainika. Maji yalikuwa yamepanda barabarani mpaka kifuani mwa mtu mzima, na juu yake yalielea matabasamu ya Mtukufu, mamia kwa mamia, yote yakitazama mbinguni.

Wanaume wa mtaa walikuja bila kuitwa. Waliinua kitanda pamoja na Mashavu wakakiweka mabegani, wakaingia majini. Muuza mkaa alikuwa mbele. Mama yake Mashavu, Bi Tausi, alibaki mlangoni na mtoto. Siwema alitembea kando ya kitanda, maji yakimfika shingoni, ameinua mkono wake ameushika mkono wa Mashavu. Walikuwa katikati ya barabara alipowaambia wasimame. Hawakumwelewa, wakaendelea.

"Simameni," alisema tena. "Hakuna haraka tena."

Walisimama pale, na mvua ikaendelea kunyesha.

*

Taarifa ya Serikali ilisema kwamba raia mmoja alifariki kwa sababu za kifamilia.

Waziri Mapambo alifika kesho yake asubuhi, maji yaliposhuka, akiwa na buti mpya za mpira, Bwana Kipepe, na kamera za televisheni. Mazishi yalikuwa hayajafanyika. Watu walikuwa wamekaa kwenye tope nje ya nyumba ya Bi Tausi, na Waziri alisimama mahali ambapo mwanga ulikuwa mzuri.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali imefanya sehemu yake. Tulikuwa na saba, sasa tuna kimoja. Swali ni je, nyinyi mmefanya nini? Nimeuona mtaro wenu. Nimesikitika. Lakini sikuja kulaumu, nimekuja kufariji. Mtoto huyu amezaliwa katika zama za kifungashio kimoja. Ana bahati ambayo mama yake hakuwa nayo."

Kisha aliletewa sanduku. Lilikuwa toleo maalumu la msiba, jeusi, lenye utepe wa zambarau. Alimwendea Bi Tausi na kumnyooshea. Bi Tausi alikuwa amempakata mjukuu wake na hakuinua mkono. Kamera zilingoja. Bwana Kipepe aliinama akamnong'oneza kwa adabu nyingi kwamba ampe yeye mtoto amshikie kidogo, ili apokee sanduku, ili picha itoke.

Siwema alikuwa amekaa nyuma, hajalala, kitenge kikiwa bado kimeloa. Aliinuka. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Alilipokea lile sanduku kutoka mikononi mwa Waziri na kuliweka juu ya kigoda.

"Mheshimiwa, nisaidie kushika," alisema.

Alivunja kifuniko cha plastiki akampa Waziri. Waziri alikishika, kwa sababu kamera zilikuwa zikiwaka. Akaichana nailoni, akampa. Akampa sanduku lenye tabasamu. Akampa mfuko wa mahameli, mweusi. Akampa kisanduku chenye dirisha, na sponji, na kitanda cha plastiki. Kila alichotoa alikiweka taratibu mikononi mwa Waziri, kama anavyomkabidhi mtu mtoto mchanga. Rundo lilimfika Waziri kidevuni. Mwishoni Siwema alibaki na karatasi ya dhahabu. Aliifungua. Haikuwa na kitu.

Aliinua ile karatasi watu waione.

"Chokoleti iko wapi?" aliuliza muuza mkaa.

Bwana Kipepe alisogea mbele haraka. "Katika toleo la msiba imeondolewa," alieleza. "Kwa heshima. Haipendezi wafiwa waonekane wakitafuna."

 Waziri alikuwa akitokwa na jasho nyuma ya rundo lake. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumpokea, kama watu walivyompokea mizigo maisha yake yote. Hakutokea mtu. Basi akageuka, bila kufikiri, kwa wepesi wa mkono uliozoea, akamwaga vyote mtaroni.

Vilianguka, vikaanza kuelea kuelekea kwenye kalavati.

Bi Tausi ndiye aliyesema. Tangu jana alikuwa hajafungua mdomo.

"Okota," alisema.

Waziri alicheka kidogo, akamtazama Kipepe. Kipepe alishaanza kukunja suruali.

"Si wewe," Siwema alisema.

Watu walikuwa wameinuka. Hawakurusha jiwe wala hawakutukana. Walisogea tu, wakasimama kati ya Waziri na gari lake, wanaume waliobeba kitanda wakiwa mbele, mabega yao yakiwa bado na michubuko ya vyuma.

"Okota," alisema Bi Tausi tena. "Mwanangu anangoja kuzikwa."

Mheshimiwa Mapambo aliingia mtaroni. Maji yalimwingia kwenye buti. Aliokota kifuniko, akaokota nailoni, akaukimbilia mfuko wa mahameli ukamponyoka, akaanguka, akainuka. Alipokwisha kuokota vyake walimwonyesha vingine. Aliokota mpaka jeneza lilipotolewa nje na watu wote wakageuka kulifuata, na wa kumpa mkono apande hakubaki hata mmoja.

*

Televisheni ya Taifa ilionyesha picha zile jioni. Ilisema Waziri ameongoza wananchi katika zoezi la usafi, na baada ya muda akapewa nishani. Siwema alifukuzwa kazi kwa kosa la kumtwika kiongozi taka. Lakini Wizara ya Afya haikupata mkunga mwingine aliyekubali kwenda Kitopeni, kwa hiyo aliendelea kufika zahanati kila asubuhi kama mtu aliyefukuzwa, na akina mama waliendelea kuja. Walimsalimia tena. Bango lake liling'olewa usiku mmoja na watu wasiojulikana, ambao kila mtu aliwajua.

Sikukuu iliyofuata malori yaliposhuka yalikuta barabara ya kuingia Kitopeni imejaa watu waliokaa chini. Mtaa mzima ulikuwa umekaa. Dereva wa lori la mbele alizima muziki, akatoa kichwa dirishani, akauliza awashushie wapi.

"Rudisha kwa mwenyewe," alisema Bi Tausi. Mjukuu wake alikuwa akisimama dede, ameshikilia goti la Siwema.

"Na mwenyewe akikataa?"

"Mwambie nasi tumekataa."

Dereva alifikiri kidogo. Alikuwa na foleni ya malori nyuma yake, na jua lilikuwa kali. Akageuza. Habari zilienea, na mitaa mingine ya chini nayo ikakaa barabarani. Malori yote yalirudi Mlimani, na kwa kuwa maghala ya Wizara yalikuwa yamejaa masanduku ya sikukuu ijayo, yalimwaga mzigo nyuma ya jengo la Wizara, kwenye mifereji ya mawe ambayo ndiyo huyaondoa maji ya Mlimani.

Mvua ilinyesha kama kawaida yake. Na Mtukufu Rais mwenyewe alizungumza redioni, kwa sauti nzito, akitangaza kwamba Unono imepatwa na janga ambalo halijawahi kuonekana katika historia yake. Maji yalikuwa yameingia sebuleni kwa Waziri wa Furaha za Msimu na kuharibu zulia. Mafuriko, alisema, si uzembe wa mtu yeyote, na wananchi wote wanaombwa kuchangia.

Siwema alizima redio. Kulikuwa na mzazi mlangoni, na sakafu ilikuwa kavu.